Damu ya Mama wa Awiti

Mtu yeyote aliyeishi landi za Reli, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mjini Nakuru miaka ile ya sabini atakuambia kwamba Truphosa alikuwa na mdomo. Atakuambia alimkimbiza muuza makaa kwa debe lake mwenyewe, na kwamba mke wa mchungaji alinyimwa salamu miezi saba kwa kosa la kucheka vibaya matangani. Yote ni kweli, na hapa hatetewi mtu. Lakini ukitaka kujua mdomo huo ulifanya kazi gani siku ulipotakiwa, usiwaulize majirani. Wao walikumbuka kelele tu.

Aliolewa na Dalmas Ogola mwaka wa 1966. Dalmas alikuwa mfungaji wa mabehewa, mtu mrefu, mpole kazini na mkavu nyumbani. Walipewa chumba kimoja chenye kuta za chokaa, na humo Truphosa akazaa wavulana wawili. Wa kwanza, Otiende, alipofikisha miezi kumi vidole vyake vilivimba, vya mikono na vya miguu, vikawa kama ndizi za kuchemsha. Akalia kilio cha mifupa mchana kutwa hadi majirani wakawa wanagonga ukuta. Hakutimiza miaka miwili. Wa pili, Ochola, alianza vivyo hivyo na akafa mapema zaidi. Kwenye matanga ya Otiende watu walikuja kulia. Kwenye matanga ya Ochola walikuja kumtazama mama.

Mama mkwe aliishi Alego, kando ya kinamasi cha Yala. Watu walimwita Min Dalmas, yaani mama yake Dalmas, na yeye hakuhitaji hospitali kumwambia kilichowaua wajukuu wake.

"Ni chira," alisema, akimaanisha ile laana inayomla mtu aliyevunja mila. "Huyu alipanda kabla yangu. Tangu lini bibi ya kijana anapanda kabla ya mama mkwe?"

Alichopanda Truphosa ni mistari mitatu ya sukuma wiki kando ya reli, zaidi ya maili mia moja kutoka shamba la mama mkwe wake. Mbuzi wa stesheni waliila sukuma wiki hiyo wakanenepa. Lakini mwanamke aliyezika wawili hana wa kumsikiliza, na Dalmas, ambaye alijua vizuri ni nani aliyeomba mboga hizo zipandwe ili apunguziwe kununua, aliinama akafunga kamba za viatu. Truphosa hakumsamehe kamba zile.

Mwaka wa 1971 akazaa msichana. Safari hii Min Dalmas alikuja mwenyewe kusimamia mambo. Asubuhi na mapema mtoto alifungwa kitambaa kikuukuu, akalazwa kando ya njia karibu na shimo la takataka, kisha wote wakaondoka. Jirani yao Naliaka, Mbukusu, mke wa Wasike wa kiwanda cha pareto, akapita hapo kama mtu aliyetumwa dukani, akamwokota na kupaza sauti: "Jamani, nimeokota mtoto! Nani atanishikia?" Hiyo ndiyo mila kwa mtoto anayezaliwa baada ya wenzake kufa. Anatupwa ili kifo kione kwamba nyumba hiyo haina kitu cha kuchukua, kisha anaokotwa na mwanamke wa ukoo mwingine, na huyo ndiye anayeitwa mama yake. Jina likawa Awiti, aliyetupwa.

"Utamnyonyesha," Min Dalmas alimwonya Truphosa, "lakini siku utafungua hiyo mdomo useme ni wako, hiyo siku umemzika."

Truphosa hakuwahi kuamini lolote lililotoka kwa mama mkwe wake. Hili aliliamini. Mfa maji haachi kutapatapa. Kwa hiyo, mwaka ukaingia mwaka ukatoka, alisema "mtoto wa Naliaka amelala" na "mtoto wa Naliaka anataka uji," hata mlango ukiwa umefungwa. Mtoto alipoanza kusema, alimwita Naliaka mama. Aliyemzaa alimwita Turufosa, kama alivyowasikia wakubwa. Kila alipoitwa hivyo Truphosa aliitika, halafu akaenda nje kugombana na mtu.

Kisha vidole vikavimba.

Hakumngoja Dalmas wala barua ya Alego. Alimfunga Awiti mgongoni akapanda mlima kwenda hospitali, akaanguka mikononi mwa daktari ambaye hasira zake zilitoshana na zake. Huyu alikuwa Daktari Parvin, binti wa mzee Yusufali wa duka la vitambaa, aliyezaliwa papo hapo Nakuru na kurudi na shahada kutoka ng'ambo. Damu ya mtoto ilipelekwa Nairobi, na majibu yaliporudi daktari alimwita Truphosa ndani.

"Siko seli," alisema. "Damu ya mtu asiye mgonjwa iko mviringo, kama sahani. Ya huyu ikikosa hewa inajikunja kama mundu, halafu inakwama kwa mishipa. Ndiyo maana mifupa inauma."

"Nani amemroga?"

"Hapana mtu ameroga! Hii ni kurithi. Nusu inatoka kwa baba, nusu kwa mama. Mtu mwenye nusu moja ni mzima kabisa, analima, anapiga mpira. Nusu mbili zikikutana kwa mtoto mmoja, ndiyo hii sasa."

"Nusu kwa baba?"

"Nusu kwa baba, nusu kwa mama. Masikio yako iko sawa?"

Masikio yalikuwa sawa, ila yalichukua yalichotaka. Miaka yote hii ameitwa muuaji, na leo mwanamke mwenye koti jeupe anamwambia nusu ya balaa lile ilikaa ndani ya mwili wa Dalmas. Furaha ya Truphosa haikuwa nzuri kutazama.

Daktari alimpa vidonge vya kuongeza damu na vingine vya malaria vya kumeza kila wiki. "Na sikia sana," akasema. "Huyu mtoto hapana peleka mahali pa mbu. Baridi ya hapa inamsaidia. Malaria ya huko chini kwenu ziwani itamaliza yeye kwa wiki moja. Sasa leta baba na mama watolewe damu. Nataka huyo baba aone kwa macho yake, aache hadithi. Wewe ni nani wake?"

"Mimi namshika tu," alisema Truphosa.

Dalmas alikubali kwa shida. Alipitia hospitali asubuhi akitoka zamu, akadungwa kidole, akaenda zake kulala. Saa nne Truphosa akafika na Naliaka, kwa sababu mtoto alikuwa na homa na alimtaka mama yake, na mama yake, kama tulivyosema, alikuwa Naliaka. Karanja, mtu wa maabara, akatoa kichwa mlangoni.

"Mama ya Awiti!"

Naliaka akainuka. Aliinuka kwa mazoea, kama alivyoinuka kanisani na kliniki ya chanjo, akanyoosha kidole. Truphosa alibaki kwenye benchi. Ulimi uliowatoa jasho wauza makaa ulikauka kinywani. Alijua kabisa damu inayotakiwa ni ipi. Lakini maneno "ni mimi" yalikuwa maneno mawili tu, na aliambiwa kifo kina masikio. Naliaka akadungwa, na Karanja akaandika alichoambiwa.

Njiani waligombana. "Kwa nini ulisimama?" Truphosa alimfokea.

"Kwani wewe ulikuwa umeketi kwa nini?" akajibu Naliaka. "Miaka yote hii mnaniambia mimi ndiye mama. Leo sindano imekuja, mnataka nisiwe?"

Ilikuwa haki yake kuuliza, na Truphosa hakumwambia hivyo.

Alhamisi Dalmas akaenda kuchukua karatasi. Daktari alikuwa ameenda kliniki ya Molo, kwa hiyo Karanja ndiye aliyemsomea: baba anayo, mama hana. Dalmas alirudi nyumbani akakaa ukingoni mwa kitanda, karatasi mkononi, akaisoma tena na tena. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Truphosa alimtazama akahisi njaa iliyokaa tumboni miaka yote ile ikishiba. Angeweza kumwambia damu ile ni ya jirani. Badala yake alichukua ndoo akaenda kwenye mfereji, akawaambia wanawake wote waliokuwa hapo, mmoja mmoja kwa jina, kwamba hospitali imempima na imemkuta safi, na kama kuna mtu anataka kujua nani alizika watoto wa Dalmas basi amuulize Dalmas. Aliporudi alikuwa akiimba. Tusimfiche: alikuwa anajua ni uongo, na ulimpendeza.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Truphosa ilikoma siku ile ile, Min Dalmas aliposhuka kwenye treni na kikapu chake cha samaki wakavu. Mwanawe alikuwa amemwandikia kwamba mtoto amevimba. Bibi akasomewa karatasi. Truphosa alisimama mlangoni akingoja kumwona akiinamisha kichwa.

Bibi hakuinamisha. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari aliyoitarajia.

"Basi hii si ya mwanamke," alisema. "Nilimkosea. Hii ni ya boma letu. Baba yenu alizikwa, na mpaka leo hatukuwahi kutengeneza mambo yake sawasawa. Kama ingekuwa ya mwanamke, ningesema afukuzwe, tumalize. Kama ni ya boma, mtoto lazima aende bomani. Atakunywa manyasi, ile dawa ya kuondoa chira, atakaa na mimi mpaka mvua ya masika iishe. Jumamosi napanda treni na yeye."

"Sawa, Mama," alisema Dalmas. Sasa kosa lilikuwa limepewa dawa, na uso wake ulianza kurudiwa na rangi.

"Sawa nini!" Truphosa alipiga kelele. "Huko kuna mbu! Daktari amesema mbu watamuua kwa wiki moja! Dalmas, daktari amesema!"

"Daktari huyo huyo amesema ni damu yangu," alisema Dalmas. "Unataka nimwamini ama nisimwamini?"

Min Dalmas akamgeukia, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. "Wewe unapiga kelele kama nani? Mama ya mtoto ni Naliaka, na Naliaka hajasema kitu. Wewe ni wa kumshika tu."

Mila ambayo Truphosa aliilinda kwa miaka miwili na nusu kuliko macho yake ndiyo iliyomfungia mlango.

Ijumaa alikuwa hospitalini kabla ya wagonjwa. Daktari Parvin alikuwa amekwisha kuikuta nakala ya karatasi mezani, na Karanja alikuwa amesimama mbele yake akijitetea.

"Haiwezekani!" daktari alikuwa akisema. "Kama mama hana hata kidogo, mtoto hapana kuwa hivi. Umechanganya damu?"

"Sijachanganya, Daktari. Niliita mama, mama akaja."

Daktari akamwona Truphosa, akamtazama uso, kisha akamtazama mtoto mgongoni, kipaji kile kile na kidevu kile kile. Akaiweka kalamu chini.

"Nani alizaa huyu mtoto?"

Truphosa alimkazia macho daktari kwa chuki, kama vile yeye ndiye aliyeweka kifo mlangoni kisikilize. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, kiganja juu.

Karanja alidunga, akatia tone kwenye kioo, akachanganya na dawa ya kuondoa hewa, akafunika. Wakangoja. Wakati ulipofika daktari alimvuta Truphosa kwenye hadubini. Kwanza hakuona kitu ila mwanga. Halafu akaziona, nyingi, nyembamba, zimejikunja, ncha huku na ncha huku. Miundu. Hakuna mama mkwe aliyeziweka humo, wala sukuma wiki. Alizaliwa nazo, akakua nazo, akampa Otiende na Ochola bila kujua. Hakulia. Alitamani tu kuwe na mtu wa kumpiga.

"Kila mimba yenu wewe na yeye," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anafoka, "mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuwa hivi. Si kosa ya mtu. Ni bahati."

"Mmoja kati ya wanne, na sisi tumepata watatu kati ya watatu?"

"Bahati mbaya, basi."

"Na Dalmas akioa mwingine?"

Daktari alisita. "Kama huyo mwingine hana hii kitu, watoto wao hawatapata ugonjwa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na wewe pia, ukiwa na mwanaume ambaye hana."

Truphosa alielewa upesi kuliko alivyotaka. Karatasi ya uongo ilimwachia jina safi na mume mwenye hatia, na ikampeleka Awiti kinamasini akafe. Karatasi ya kweli ingemvunja nguvu Min Dalmas, maana boma halina laana ikiwa nusu ya ugonjwa imetoka kwa mgeni. Lakini ingemtoa Dalmas pia. Mwanaume aliyezika wana wawili akiambiwa kuna mlango wa kupata watoto wazima, na mlango huo ni mwanamke mwingine, ataupita tu. Na ili karatasi hiyo iwe na maana, ilibidi mtu aseme ni damu ya nani.

"Jina ya mama?" Karanja aliuliza, kalamu ikingoja.

"Andika Truphosa Awuor," alisema, na kutwa nzima baada ya hapo hakusema neno, asije akasikiwa na kifo. Majirani walimshukuru Mungu.

Jumamosi jua lilikuwa kali juu ya stesheni. Min Dalmas alikuwa amekwisha kuketi ndani ya behewa, amempakata Awiti, kikapu miguuni. Naliaka alisimama chini ya dirisha akijipangusa macho kwa leso. Dalmas, ambaye alikuwa ameomba likizo awapeleke, alikuwa bado chini akiongea na gadi wa treni. Truphosa alimjia akamsukumia karatasi kifuani.

"Soma."

"Tumeshasoma, Truphosa. Acha fujo mbele ya watu."

"Soma hii. Ile nyingine ni damu ya Naliaka."

Dalmas alimgeukia jirani yake. "Ni kweli?"

"Niliitwa mama," alisema Naliaka. "Ningefanya nini?"

Min Dalmas alikuwa amesikia. Aliinuka dirishani, na uso wake, uliokuwa umetulia tangu Alhamisi, ukaingiwa na woga. Alijua kinachokuja kabla ya wengine wote. "Truphosa," alisema, "nyamaza. Mama yangu, nakuomba, nyamaza."

Miaka saba alikuwa akingoja bibi huyo amwombe kitu. Sasa ameombwa, na haikumpa raha yoyote.

"Awiti ni wangu!" alisema. Akarudia kwa nguvu hadi gadi akageuka na wapagazi wakasimama na mizigo begani. "Ni wangu! Nimemzaa mimi, kwa tumbo hili, kama nilivyomzaa Otiende na Ochola. Hakuokotwa popote. Nusu ya ugonjwa ni ya Dalmas na nusu ni yangu, nimeiona kwa macho yangu. Hakuna laana ya boma. Mtoto haendi Alego!"

Min Dalmas aliziba masikio ya mtoto kwa viganja, lakini alikuwa amechelewa. "Amemuua," alilia. "Watu, mmesikia? Mbele yenu amemuua!" Na watu wa landi, waliojua mila ile na waliomjua Truphosa, wakarudi nyuma hatua moja.

Dalmas alisoma karatasi. Aliisoma polepole, midomo ikienda. Alipomaliza hakumtazama mama yake.

"Kwa hivyo ni sisi wawili."

"Ni sisi wawili."

"Na kama ningeoa mwingine?"

Angeweza kusema sijui. Nani angemuuliza? Daktari alikuwa mbali mlimani, na Dalmas hakuwa mtu wa kumfuata. Truphosa akasema ukweli, kwa sababu karatasi ya uongo alikuwa ameionja na alijua inavyorudi.

"Daktari anasema kama hana, watoto wenu watakuwa wazima. Wote."

Gadi alipuliza kipenga. Dalmas alipanda ngazi, akamchukua Awiti kutoka kwa Min Dalmas, akashuka, akamweka mikononi mwa Truphosa. Kisha akapanda tena.

"Nitaoa," alisema akiwa mlangoni.

"Oa," alisema Truphosa. "Mtoto anabaki hapa."

Treni iliondoka. Min Dalmas hakuchungulia dirishani, na hakukanyaga tena Nakuru. Kelele zilipokwisha, Awiti alimvuta Truphosa sikio.

"Turufosa, twende nyumbani."

"Mimi ni mama yako. Niite mama."

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kijinga. "Mama ni Naliaka," alisema, akamnyooshea Naliaka mikono yote miwili, akaanza kulia.

Naliaka akapiga hatua. Truphosa akamtupia jicho moja, naye akasimama hapo hapo, leso mdomoni. Awiti alilia kwa nguvu, akajinyonganyonga, akamkwaruza shingo aliyemzaa. Truphosa akampindua mgongoni, akamfunga khanga akakaza fundo, akaanza kutembea kando ya reli na kilio kile kikimpasua sikio.

"Lia," alimwambia. "Utazoea. Muda upo."